Jina Kwanza au Umri Kwanza

Treni ikiwa karibu na kituo, dada aliyeketi mbele yangu alikuwa bado anahangaika na programu yake ya Java, na mtihani unamngoja asubuhi hiyo hiyo.

"Mbinu yako, hii method ya kusajili wagonjwa, inataka jina kwanza, kisha umri," jirani yake akamwambia. "Wewe kwenye mstari huu umeipa umri kwanza."

"Basi nitaigeuza mbinu yenyewe, kaka."

"Ala! Sehemu nyingine zote za programu zinaiita sawasawa, jina kwanza, nazo zitaharibika! Geuza mstari huo mmoja tu."

"Kwani mtihani ni wako au wangu?"

Mimi Java siijui, lakini jasho la mtihani nalijua. Treni ikasimama. Dada akashuka na kompyuta wazi mikononi. Kaka yule akamfuata, bado anabisha, mwavuli wake akausahau kitini.