Kibanio cha Anjelina

Kina meno, kinauma, hakitoi damu: kibanio cha nywele. Changu kilishaacha kichwa, sasa kinafunga mfuko wa chumvi.

Ndani ya basi, dada mmoja alimwona mama wa kiti cha pili akiwa na kibanio mkononi. "Shikamoo mama, niazime nibanie pazia, jua linamchoma mwanangu." "Marahaba. Hiki cha marehemu binti yangu, Anjelina. Kina unywele wake." "Pole, mama. Lakini kikitumika si ndiyo unamkumbuka?" "Usinifundishe kukumbuka!" Mtoto akaanza kulia. Mama akauchomoa ule unywele, akaufunga kwenye pindo la kanga, akalibana pazia mwenyewe.

Tuliposimama Mingoyo, dada alimrudishia kibanio. Mama alikikagua jino moja moja, huenda umebaki unywele mwingine.