Eugeniusz Mrozik, Fundi wa Boila Mbili

Ndugu yetu Eugeniusz Mrozik, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 20 Januari 2017, alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1951 hapa hapa Zagrody Górne, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasulia magogo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Wincenty, mfanyakazi wa reli, na marehemu Rozalia. Wawili waliomtangulia walikufa wakiwa wachanga. Mimi Leonard, ninayesoma, ndiye kitinda mimba. Padri aliiona karatasi hii kabla haijachapwa, akanishauri niifupishe. Mimi humsikiliza padri katika mengi, lakini katika hili sikuweza. Mtanivumilia kwa baridi hii.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi mwaka 1966, kisha akaenda chuo cha ufundi Nowy Sącz, akahitimu mwaka 1969 akiwa fundi wa mabomba na joto. Mwalimu wake alimwandikia kwenye cheti kwamba ni mbishi. Na kweli alikuwa mbishi kupita kiasi. Ukimwambia bomba limenyooka, alitoa pimamaji mfukoni, hata kama bomba ni la kwako na ni siku ya harusi yako. La kwangu alilipima, tena nikiwa nimevaa suti.

Alifanya kazi katika shirika la ujenzi la serikali hadi lilipofungwa mwaka 1991, kisha akajitegemea. Gesi ilipofika kijijini mwaka 1994 kila mtu aliingiwa na wazimu wa kung'oa boila za makaa ya mawe. Yeye akawa anapita nyumba hadi nyumba akisema, "Jamani, gesi ni mgeni. Mgeni mwema, mkaribisheni, lakini msimfukuze mwenyeji." Akaanza kuziunganisha: boila ya gesi na boila ya makaa, zote mbili zikipasha pipa moja la maji ya kuogea. Siku za kawaida ilifanya kazi gesi. Umeme ukikatika gesi nayo ililala, na hapo makaa yalishika zamu, maana maji ya upande wa makaa alikuwa ameyapanga yazunguke yenyewe bila pampu.

Mama Pelagia Ziomek, yupo pale mbele, atakumbuka alivyomjia juu. "We Eugeniusz, umewaweka mavyaa na mkamwana jiko moja! Watauana!"

"Hawatagusana, mama," alimjibu. "Kila mmoja na bomba zake. Wanakutana kwenye pipa tu, na humo ndani kila mmoja ana koili yake, bomba lake lililojiviringa."

"Na wakigombana?"

"Wakigombana niite mimi, usimwite padri."

Hakuitwa hata siku moja. Nyumba arobaini na moja alizifungia hivyo.

Ila alikuwa na sharti moja. "Gesi unaizima kwa kidole," alisema. "Makaa huyazimi. Yakishawaka yana kichwa chao." Kwa hiyo kila boila ya makaa aliipa bomba lake la kupumulia, linalopanda moja kwa moja hadi darini kwenye tangi dogo la wazi, bila koki hata moja njiani. Bomba hilo lilipaswa kuviringishiwa sufu ya kukinga baridi, kwa sababu siku za gesi halipati joto lolote. Likiganda, halafu makaa yakawashwa, mvuke hauna pa kwenda. Kila mwaka kabla ya Oktoba kwisha alimpandisha mwenye nyumba darini, akamshikisha bomba kwa mkono wake. Wengi wenu mlimcheka kwa hilo, na mimi nilicheka nanyi.

Tarehe 28 Agosti 1976 alifunga ndoa na Otylia, binti wa mzee Szczepan Kulig wa ng'ambo ya mto. Siku alipokwenda kumposa alimkuta anafua kwenye maji ya barafu, mikono imekuwa myekundu. Akamwambia, "Ukija kwangu hutagusa maji baridi tena." Wazee walidhani ni maneno ya mchumba. Kabla ya harusi alikuwa ameshamwekea pipa na bomba. Walijaliwa binti mmoja, Marzena. Tangu mwaka 1999 shemeji amekuwa akiugua viungo, na kila asubuhi hawezi kufunga hata kifungo cha blauzi mpaka aloweke mikono kwenye maji ya moto. Kaka aliamka saa kumi na moja, miaka kumi na saba, kuhakikisha maji yapo.

Kuanzia mwaka 2014 mapafu yake yalimshinda. Daktari alimkataza kupanda ngazi ya darini. Kazi za darini kwake akanipa mimi, dereva wa basi mstaafu, jirani wa hatua thelathini. Novemba iliyopita alisikia vicheche wanakwaruza juu ya dari. "Leonard, wameichana sufu ya bomba, nina hakika. Nimenunua mpya, ipo chini ya ngazi. Niangalizie, mdogo wangu."

Nikasema kesho. Kesho tulichinja nguruwe. Kesho yake mvua. Baadaye yakaja Majilio, ikaja Krismasi, nami mgongo ulikuwa unauma, au nilisema unauma. Mtu mvivu hakosi kalenda.

Ijumaa tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme Watatu, tulikuwa mezani kwake tunakula kabichi na soseji. Nje baridi ilikuwa digrii ishirini chini ya sifuri. Akaniuliza, "Umepanda?"

Nikasema, "Nimepanda, kaka. Nimelifunga vizuri."

Sikuwa nimepanda. Niliona aibu mbele ya wageni. Nilijiambia nitapanda Jumatatu, nani atajua.

Jioni ile theluji iliangusha nyaya za umeme. Asubuhi ya Jumamosi maji yalikuwa baridi. Kaka aliniamini, akashuka chumba cha chini, akawasha makaa kwa ajili ya mikono ya mkewe. Shemeji alikuwa ghorofani akisubiri. Boila ililipuka saa moja kasoro dakika kumi. Nilipanda darini siku ya pili yake, kwa mara ya kwanza tangu aliponiomba. Bomba lilikuwa limevuliwa sufu, barafu imejaa mdomoni. Sufu mpya ilikuwa bado chini ya ngazi, ndani ya nailoni yake.

Alilazwa hospitali Krakow akiwa ameungua kifua na uso. Siku ya tatu, kabla hawajamlaza usingizi wa dawa, niliruhusiwa kuingia. Alisema kwa shida, "Leonard. Bomba ulilifunga?"

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na muda, na alikuwa na masikio. Nikasema, "Nililifunga, kaka."

"Basi nilikosea mimi. Mahali fulani nilikosea. Waambie watu wasiwashe makaa." Hakusema tena neno. Alifariki Jumatatu tarehe 16 Januari 2017, saa kumi na moja alfajiri.

Tangu siku hiyo nasikia maneno dukani: "Fundi mwenyewe kauawa na boila yake." Nilisikia, nikanunua mkate wangu, nikarudi nyumbani. Nyumba tatu zimeshaita watu wa mjini waje kung'oa alichojenga. Shemeji Otylia, haya nilipaswa kukwambia jikoni kwako. Nimekuja mara nne wiki hii. Ulinipa chai, nikanywa, nikaondoka. Sikuombi unisamehe, maana najua ungejilazimisha. Nyinyi wengine, msing'oe. Pandeni darini mkashike bomba kwa mikono yenu. Zile boila hazina kosa.

Marehemu ameacha mjane, Otylia. Binti, Marzena, na mumewe. Wajukuu wawili, Kajetan na Lidka. Na mdogo wake mmoja, Leonard, aliyemdanganya mara mbili. Bwana ampe pumziko alilolikosa kitandani Krakow, alipokuwa akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Kaka, kazi yako ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu. Nimechelewa kukwambia, na najua hunisikii.