Mjomba Lester Hajui Kukaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha vijana wetu ngumi, Mjomba Lester Coffey anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Nasema rasmi, maana hapa mjini kwetu Brewarrina, Australia, nani anaamini kwamba atatulia? Mtu huyu hata chai anakunywa akiuzunguka ulingo!

Alianzia kwenye mahema ya ngumi ya maonyesho ya kilimo, akipambana na wakata manyoya ya kondoo waliomzidi kilo na maneno. Kufikia umri wa miaka ishirini na minne alikuwa bingwa wa taifa wa uzito wa kati. Tulishangilia mpaka mbwa wakakimbilia mtoni.

Kisha, wiki ya kutetea mkanda, akafiwa na mama yake mdogo, ambaye jina lake mpaka leo hatulitaji, kwani kwa mila yetu marehemu hatajwi. Promota akashangaa: "Lakini huyo si mama yako mzazi." Lester akamjibu, "Ni mama yangu," akaja kuzika. Mkanda wakauchukua bila ngumi hata moja kurushwa, na hakuupata tena. Inaniuma hadi leo. Tangu hapo hajawahi kutulia.

Akageukia ukocha. Wachelewaji wanamjua: "Umekuja kupigana au kupigwa picha?" Mikono yake imetoa mabingwa wa jimbo, na akina baba wengi walioacha pombe.

Mwaka jana Kirra Hooper, binti yetu, alifiwa na mama yake mkubwa siku chache kabla ya pambano la ubingwa wa taifa. Lo, tukajua ni yale yale! Mjomba akawafuata waandaaji mwenyewe, wakampa kiti, akakikataa. "Ahirisheni," akawaambia, "la sivyo nitasimama hapa mpaka nizeeke. Na mnaona nimeshaanza."

Wakaahirisha. Kirra akazika, akalia na wenzake mpaka msiba ukaisha, ndipo akaenda kupigana, akashinda. Aliporudi alikuja moja kwa moja ukumbini kwetu kwa mazoezi, akamfunga Mjomba mkanda kiunoni. "Wakati wako hakuna aliyekusubiri, Mjomba," akasema.

Mjomba Lester akaketi kwenye ngazi ya ulingo, akalia kama mtoto. Hatukuwahi kumwona amekaa.

Asante, Mjomba, kwa kila tone la jasho. Kiti chako tumekiweka kando ya mto, na rangi imeshakauka. Tunakutakia mapumziko mema. Safari hii wamesubiri, Mjomba. Sasa kaa.