Ruta ya Kufika Jikoni

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi: mbao mbili juu ya matofali, birika la kahawa katikati, na maneno yasiyoisha. Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi, Kinyozi mwenyewe, Antena anayetengeneza redio, na Profesa, ambaye hajafundisha popote ila anaziba matairi. Akaja Cherehani, fundi nguo, kashika karatasi ya bei ya duka la vifaa vya mtandao. Mkewe yuko nchi ya mbali anatunza wazee wa watu, mwaka wa sita huu.

— Jamani, nisaidieni kuchagua ruta ya kusambaza mtandao nyumbani, akasema Cherehani. Ya zamani imenishinda.

— Imefanyaje? tukauliza.

— Kebo ya mtandao inaingilia sebuleni. Nikikaa pale, mama watoto namwona vizuri kwenye simu. Lakini kila siku ananiambia, "Nipeleke jikoni kwangu nikapaone." Nikifika mlangoni tu, picha inaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Tukacheka. Yeye hakucheka.

— Chukua yenye antena nane, akasema Antena.

— Nane za nini? Anafuga pweza? akadakia Kinyozi.

— Kila antena na chumba chake!

— Muongo huyo, Kinyozi akaendelea. Shida ni masufuria. Mawimbi yakiona bati yanageuza. Toa masufuria yote nje, utaniambia.

Profesa akakohoa kidogo, kama kawaida yake akitaka kusikilizwa.

— Nyie hamjui kitu. Jiko ambalo mwenyewe kasafiri lina ukiwa. Mawimbi yanafika mlangoni, yanapiga hodi, haitiki mtu, yanarudi zake.

Nikaichukua ile karatasi, nikaisoma.

— Hii hapa inatoa mawimbi ya aina mbili, nikamwambia. Moja lina mbio ila linachokea ukutani. Jingine la taratibu, lakini linapenya. Muulize muuzaji kama inapatana na kile kisanduku cha kebo ulichofungiwa na kampuni. Halafu usiifiche nyuma ya televisheni. Vuta waya, iweke juu, katikati ya nyumba.

Akaenda, akanunua. Siku tatu hatukumwona. Ya nne akaja, akakaa, akashika kikombe bila kunywa.

— Vipi, imefika? Antena hakuweza kungoja.

— Imefika. Mpaka kwenye dirisha la jikoni.

— Si nilisema! Shemeji kafurahi?

Cherehani akakizungusha kikombe.

— Nimemwonyesha kila kitu. Rafu, beseni, aproni yake bado iko msumarini. Picha safi, hata jasho la puani mwake naliona. Mara kanyamaza. Nikadhani imeganda, nikatikisa simu. Kumbe haijaganda. Machozi yanashuka, na mimi nayaona moja moja.

— Ukamwambiaje? akauliza Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Ningemwambia nini? Nikataka kukata. Akasema, "Usikate. Wewe fanya kazi zako tu." Basi nikaosha vyombo, yeye ananitazama. Saa nzima. Kikombe nilichokwisha kukiosha nakirudia.

Akakiweka kikombe benchini.

— Ilipokuwa inaganda nilikuwa nalaumu mtandao. Sasa nilaumu nini?

Wakati huo kando ya benchi alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni mtaani, na pazia mkononi. Alikuwa anamtafuta fundi amkunjie pindo. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba, akasema. Huyo mama anarudi lini?

Cherehani akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Profesa, na Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akageukia barabarani.

Cherehani akalipokea pazia. Akalikunjua magotini, akaanza kulipima kwa shubiri, taratibu, shubiri baada ya shubiri, na futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni mwake.