Kwaheri ya Afisa Aliyetaka Tusikizwe

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, wageni waalikwa, na wewe Mama Dinah Mwandawiro unayestaafu leo, pamoja na jamaa zako waliotoka Bura: hamjambo nyote! Mimi ni Kavinya Muinde, mwenyekiti wa wauza mboga wa Kaloleni, hapa Voi. Nimeambiwa nisiseme sana, lakini mtanivumilia.

Asubuhi ile tingatinga lilipofika, tulikuwa tumeshapanga nyanya. Afisa mmoja mkubwa, ambaye simtaji, alikuwa ameamuru vibanda vibomolewe, na hakuna aliyetuambia neno. Kuna waliolia, na kuna waliookota mawe. Mama Dinah, msimamizi wetu wa wadi, alikuja mbio akasimama kati yetu na lile tingatinga.

“Wekeni mawe chini,” akatuambia. Kisha akamgeukia yule afisa, mkubwa wake, aliyekuja na tingatinga: “Hawa hawajasikizwa.”

“Dinah, hawa ni Wakamba wa kuja. Si watu wenu. Unawatetea ya nini?”

“Mkubwa, Katiba haikuniuliza kabila la mtu. Inataka asikizwe kwanza.”

Dereva akazima injini. Mama Dinah naye akapewa uhamisho, mbali na watoto wake. Je, ni wangapi hapa wangethubutu?

Kabla hajaondoka alituketisha na majirani. Tulidhani amekuja kututetea tena. Kumbe nasi tulikuwa na la kusikia! Jirani yetu Teresia alisimama akaeleza jinsi alivyobebwa mikononi, uchungu wa kujifungua umemshika, kwa sababu vibanda vyetu viliziba njia ya zahanati. Tuliinamisha vichwa.

“Nanyi mmesikia,” Mama Dinah akasema. “Sasa semeni wenyewe, haki ni ipi?”

Tulivihamisha vibanda kwa mikono yetu, hadi ng'ambo ya barabara, na ndipo tulipo mpaka leo. Kisha Wadawida, wenyeji wa hapa, na sisi Wakamba tukaenda pamoja kwenye ofisi ya kaunti kuomba Mama Dinah arudishwe, na hatukuondoka pale ofisini mpaka tukakubaliwa. Watu husema Katiba ni mambo ya mawakili wa Nairobi. Sisi tuliiona hapa Voi, kwa mama huyu, viatu vyake vimejaa vumbi.

Ndugu Musyimi, wewe ndiwe unayeingia ofisi ya Mama Dinah. Wewe ni Mkamba mwenzetu, na najua wako wanaotazamia utupendelee. Tafadhali, usitupendelee. Teresia akija, na sisi tukija, utusikilize sote.

Mama Dinah, asante, na uwe na mapumziko mema. Nanyi nyote, Mungu awabariki kwa kunipa masikio yenu.