Noah Kimeli, Aliyemchora Celine Kabla ya Koito

Naweka bet ng'ombe wangu wa gredi, yule wa lita kumi na nane: hakuna mtu hapa ataamini haya. Mimi ni Kipkurui, mdogo wa marehemu, na ndiye kijana mzuri kuliko wote kwa hiyo picha iko mbele yenu.

Noah Kimeli alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 hapa Silibwet, kifungua mimba wa Mzee Jonah na Mama Rebeccah. Shule aliachia darasa la saba, akanishinda na mwaka mmoja tu. Kuchora alijifundisha mwenyewe, akiandika majina ya hoteli na kinyozi mpaka Sigowet. Mikono ilimshinda kabisa. Ndio maana kwa picha sisi wote tumeweka mikono mfukoni, hata Mama.

Hiyo picha ya familia, yake ya kwanza, aliichora kwa mbao Agosti 1993. Nyuma ya Mama, pahali bibi ya kijana husimama, aliweka Celine, mchumaji chai kutoka upande wa ziwa.

Mzee akaruka juu. "Koito hatujaketi, mahari haijaongewa, na umeshamleta kwa boma na brashi? Mfute, ama utoke naye!"

Noah akapaka kichaka cha majani chai juu ya Celine, halafu akatoka naye. Walikaa Chepilat, wakapata Winny na Owiti. Mzee alikufa 2009. Mama akashika neno la Mzee. Bila koito, yale mazungumzo ya mahari, leo Celine angekaa kwa tenti ya wageni.

Novemba 2024 chakula kilikataa kushuka. Ilikuwa saratani ya koo. Januari Noah akaletwa nyumbani, akaitisha picha na wembe. Akaanza kukwangua kichaka. Celine alisimama mlangoni. Hakuna mtu alimwambia aketi.

"Wewe, utamtoa macho!" Mama akasema.

"Basi nishikie mbao, Mama."

Mama akashika. Jicho moja likaonekana, zima. Halafu la pili. Mama akaangalia sana.

"Celine," akasema bila kugeuka, "kuja usimame pale alikuweka."

Koito ilifanywa tarehe 8 Februari 2025, Okoth kaka ya Celine akinitoa jasho, Noah akisikiliza kutoka kitandani. Alituacha tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha mke wake Celine, watoto Winny na Owiti, Mama Rebeccah, na mimi. Lala salama, ndugu yangu, Mungu akupe mahali pazuri.

Mimi nilisema Celine hatamaliza mwezi na Noah. Alimaliza miaka thelathini na moja. Nilikosea.