Mzee Evanson Musembi Ndululu, Fundi wa Kasimama

(Wasifu huu unasomwa na mmoja wa watoto wake, Jumamosi tarehe 25 Juni 1994, nyumbani kwake karibu na Kabati, Kitui.)

Cheti cha ubatizo kinasema kwamba Evanson Musembi Ndululu alizaliwa tarehe 12 Machi 1932, katika kijiji hiki hiki. Mama yake alibishana na cheti hicho mpaka alipoaga dunia. Alisema siku ya kuzaliwa kwa Musembi kulikuwa na jua kali na vumbi, na wala hakukuwa na dalili ya mvua ya Machi. Familia imeamua kufuata cheti, kwa kuwa mama hayupo na chenyewe hakijui kugombana. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndululu, mchongaji wa viti vya miguu mitatu na miiko. Kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati lake, Musembi alikuwa amejua kushika tezo. Baba yake alimfundisha sheria moja ya mti wa mukau, ambao ndani ni mwekundu na nje ni mweupe: mchongaji wa heshima hafichi rangi hata moja, anachonga pale rangi mbili zinapokutana ili upande mmoja uwe mwekundu na mwingine mweupe. Tunaitaja sheria hiyo mapema kwa sababu ilikuja kumsumbua sana.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1942 hadi darasa la nne, mwaka wa 1946. Alikuwa hodari wa hesabu, na katika kuimba mwalimu alimwomba afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Mwaka huo huo baba yake alifariki, naye akaacha masomo akarudi kwenye tezo. Hakuwahi kulalamika, ila vitabu vyake vya hesabu alivitunza mpaka panya wakavimaliza.

Alichonga na kuuza viti pale Kabati hadi mwaka wa 1955, alipoenda Makindu kupakia mizigo katika stesheni ya reli. Huko ndiko alikokutana na Rebeka Ndinda wa kutoka Nunguni, ambaye alikuwa amekuja kuuza vyondo kwa abiria. Kulingana na Ndinda, kijana huyo alinunua kiondo kimoja kila juma kwa majuma sita, na hakuwa na kitu chochote cha kutia ndani. Walifunga ndoa kanisani Nunguni tarehe 5 Desemba 1959, baada ya mbuzi kupelekwa na kukaguliwa jino kwa jino. Mungu aliwabariki na watoto watatu: Nthenya, Mutiso na Mbula.

Mwaka wa 1961 aliajiriwa kama fundi wa baiskeli katika duka la Mathenge, mfanyabiashara wa kutoka Nyeri aliyehamia Makindu. Siku moja mwaka wa 1964 alikuwa akinyoosha gurudumu. Alilifunga kamba kwenye ncha moja ya ekseli, likining'inia, kisha akalizungusha kwa nguvu ili aone kama bado linayumba. Alipoondoa mkono, alitarajia lilale chini. Halikulala. Lilibaki wima, likawa linageuka polepole kama mtu anayetafuta mwenzake sokoni.

"Mathenge, kuja uone. Hii gurudumu imekataa kuanguka."

"Imekataa aje na umeifunga kamba?"

"Kamba iko upande mmoja. Huu mwingine umeshikwa na nani?"

Mathenge aliangalia, akazunguka akaangalia tena. Kisha akasema, "Musembi, mwenye baiskeli anangoja."

Lakini Musembi alikuwa ameshanaswa na gurudumu lile. Jioni hiyo alijua jambo ambalo wenye vitabu wanalijua kwa majina marefu: kwamba kitu kinachozunguka kwa kasi hushika msimamo wake, na uzito unapotaka kukiangusha, hakianguki, kinageukia kando. Kwa miaka kadhaa aliona kuwa ni ajabu tu ya kufurahisha. Halafu ikaja siku akaihitaji.

Nthenya, kifungua mimba wake, alizaliwa mwaka wa 1963. Akiwa na miaka mitatu alishikwa na polio, na homa ilipoisha mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba, hauna nguvu. Alipewa gongo, akajifunza kutembea vizuri kiasi. Mwaka wa 1970 aliingia darasa la kwanza pale Makindu. Juma la pili aliitwa mbele asimame asome. Gongo liliteleza, akaanguka juu ya dawati la mbele, na darasa zima likacheka. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha babu yake.

"Mimi sisimami tena mbele ya watu," alimwambia baba yake.

"Mwalimu akikuita?"

"Nitasoma nikiwa nimekaa."

"Na ukiwa mkubwa?"

"Hata nikiwa mkubwa."

Musembi alikuna kichwa. Wale wanaomjua wanajua alivyokuwa akikuna kichwa, kama anayechimba viazi. Mwishowe akasema, "Nikikuonyesha kitu cha mguu mmoja, kinasimama peke yake bila kushikwa, utasimama?"

"Labda," akasema Nthenya, na alikuwa na miaka saba tu.

Ahadi ni deni, na hiyo ilimchukua miaka mitatu. Alichonga gurudumu dogo la mukau, upana wa kiganja, akalipitishia msumari katikati na kulizungusha kwa uzi wa katani. Lilitetemeka, likayumba, likaanguka. Alichonga la pili, la kumi, la arobaini. Yote yalitetemeka. Alilaumu msumari. Alilaumu uzi. Alilaumu upepo wa Makindu, ambao kusema kweli una makosa mengi, lakini si hilo. Kila lililoharibika alitoa msumari akalitupa jikoni liwe kuni, na Ndinda akapikia maharagwe.

Siku moja Ndinda alikuwa ameloweka katani yake ndani ya karai, na gurudumu moja likatumbukia humo. Alilisukuma kwa kidole. Akalisukuma tena.

"Baba Nthenya, kuja."

"Niko na kazi."

"Kazi yako ndio hii inaelea huku."

Alikuja. Gurudumu lilikuwa juu ya maji limeinama, upande mwekundu chini, mweupe juu. Ndinda aliligeuza, nalo likajizungusha polepole mpaka mwekundu ukarudi chini.

"Huu mwekundu unapenda chini," Ndinda alisema. "Nimeugeuza mara nne."

"Asi!" akasema Musembi, na akaketi pale pale kwenye tope.

Mtoto wa mchongaji, aliyebeba mukau tangu utoto, alijua vizuri kwamba moyo wa mti ni mzito kuliko nje yake. Lakini kila gurudumu alilichonga pale rangi mbili zinapokutana, kwa sababu baba yake alimwambia ndiyo heshima. Upande mmoja ulikuwa mzito siku zote, na kwa heshima ile ile kitu kikawa kinaanguka. Alijaribu kumweleza mkewe habari ya urembo.

"Kikizunguka, nani anaona rangi?" Ndinda akamjibu, akarudi kwenye katani yake.

Alichonga jipya, lote jekundu. Ukingoni akalizungushia waya wa spoki kuukuu ili uzito ukae nje, akalitengenezea fremu ya waya, na chini ya fremu akaweka mguu mmoja tu, ncha ya msumari. Alilipima ndani ya karai mpaka likakaa sawa bila kupendelea upande. Jumapili tarehe 19 Agosti 1973, baada ya kanisa, alivuta uzi mbele ya familia yake na kukiweka kitu hicho juu ya kichwa cha chupa ya soda. Kilisimama. Kiliinama kama kinasalimia wageni, kikazunguka kikiwa kimeinama vile vile, na hakikuanguka. Nthenya alihesabu mpaka sabini na nne. Mbula, aliyekuwa mdogo, alipiga kelele, "Kasimama! Kasimama!" na jina likabaki hilo.

Musembi alimgeukia Nthenya, uso wote unacheka. "Haya, mama. Umeona."

Nthenya alikuwa na miaka kumi sasa. Alikiangalia kile kitu kikichoka na kulala chini. "Hiyo inazungushwa, Baba," akasema. "Mimi nani atanizungusha?"

 Musembi alitoka nje kwenda kufunga mbuzi, ilhali mbuzi walikuwa wameshafungwa.

Sifa za kasimama zilienea mpaka huku nyumbani. Mzee Mwangangi wa kanisa letu, ambaye yuko nasi hapa na ametupa ruhusa tulisimulie hili, alifunga safari hadi Makindu kuhakikisha kwamba si uchawi. Alipitisha kofia yake juu ya kasimama kutafuta uzi uliofichwa. Hakuupata, basi akafumba macho akaomba, na sisi tunaojua maombi ya Mzee Mwangangi tunajua urefu wake. Alipofumbua macho kasimama ilikuwa bado wima. "Hii ni ya Mungu," akasema. "Imevumilia mpaka amina." Tangu siku hiyo Mzee Musembi aliziuza kwa watu wa mabasi ya Mombasa, wageni waliokuja hekalu la Makalasinga, na walimu waliotaka kuwaonyesha wanafunzi. Nyingine aligawa tu. Hakuna iliyotoka nyumbani bila kupita kwenye karai la Ndinda, na Ndinda alikuwa mkali.

Mwaka wa 1985 aliaga Makindu akarudi hapa nyumbani, akajenga karakana yake ile mnayoiona kando ya tangi. Nthenya alikuwa amemaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga taipu na kupata kazi katika ofisi moja mjini Kitui. Neno lake alilishika. Alisoma akiwa ameketi, akajibu maswali akiwa ameketi, akasimamia harusi ya rafiki yake akiwa ameketi. Baba yake hakumlazimisha hata siku moja. Ila kanisani, wimbo ulipoanza na watu wote kuinuka, Mzee Musembi naye alibaki kwenye benchi kando ya binti yake, mzima wa miguu yote miwili. Alifanya hivyo kwa miaka tisa, huku Mzee Mwangangi akimkazia macho kutoka mbele. Hakuna aliyewahi kuambiwa sababu, na leo tunaisema: hakutaka binti yake aketi peke yake.

Alianza kuugua moyo mwaka wa 1992. Miguu ilivimba, akachoka hata kwa kupanda ngazi mbili za karakana. Tarehe 20 Aprili mwaka huu alilazwa hospitalini, na Nthenya akachukua likizo akae naye. Mchana mmoja aliomba aletewe kasimama yake. Alijaribu kuvuta uzi, lakini vidole vilikataa. Akampa Nthenya, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuizungusha hata mara moja. Nthenya alivuta, akaiweka juu ya kifuniko cha chupa ya chai. Waliiangalia pamoja mpaka ikalala.

"Uliniuliza nani atakuzungusha," baba yake akasema.

"Baba, hayo ni ya utoto."

"Nimetafuta hilo jibu mpaka leo. Sijalipata." Akapumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. "Lakini siku yangu ikifika, nataka unisomee wewe. Na usinisomee ukiwa umekaa, mama. Mimi nitakuwa nimelala, sitaweza kukaa na wewe."

"Nitaona, Baba."

"Sawa. Uone."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Juni 1994, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili kwa hesabu ya cheti.

Ameacha mke wake, Rebeka Ndinda, watoto wake Nthenya, Mutiso na Mbula, wajukuu watano, rafiki yake Mathenge, aliyefika leo kutoka Makindu na ambaye anasema gurudumu lile bado linamsumbua akili, na kasimama ambazo idadi yake haijulikani, katika nyumba ambazo hatutawahi kuzifikia. Familia inawashukuru nyote kwa maombi, kwa chakula na kwa kutembea umbali huu wote.

Aliyeandika wasifu huu na kuupiga taipu ni Nthenya. Ameusoma kutoka mstari wa kwanza hadi hapa akiwa amesimama. Mstari huo unaosema amesimama aliuandika Jumatano, kabla haujawa kweli, akaupeleka kwa mpiga chapa haraka ili asipate nafasi ya kuufuta.

Pumzika, Baba. Nimesimama mpaka mwisho. Sasa naomba kuketi.